Skonzi za Bibi na Wifi Yangu Kendra

Longmont, Colorado
2 Desemba 2016

Mpendwa Shangazi Verna,

Salamu nyingi kutoka huku kwetu. Baridi ya Alaska inakutendeaje, na lile goti lako je? Sisi tu wazima. Baba hajambo, bado anabishana na televisheni kila jioni.

Shangazi, nakuandikia nikiwa na wivu, na sioni haya kusema.

Unaijua desturi ya kaka yako. Sikukuu ya Shukrani hamgusi bata mzinga mpaka amege skonzi na kuuliza, "Kakanda nani?" Anayejibu ndiye anayeketi karibu naye. Tangu Bibi atutoke, aliyejibu ni mimi. Ndugu yangu Wade alipewa shamba na trekta. Mimi nilikuwa na swali hilo tu.

Kisha Wade akamuoa Kendra, naye Kendra akatuletea ulaji wa mababu wa mapangoni. Nyama, mizizi, karanga za porini, basi. Unga marufuku, maharage marufuku, hata jibini. Nilipoweka skonzi zangu mezani alicheka. "Wifi, watu wa kale hawakuwa na tanuri!"

"Hata mswaki hawakuwa nao," nikamjibu. Hakuna aliyecheka.

Baba naye akalishika jambo hilo kama dini mpya. Kitambi kikapungua, akawa anawaonyesha wageni matundu mapya ya mkanda. "Kendra kaniokoa," anasema mbele yangu, mimi niliyempikia tangu Mama aondoke. Skonzi nikarudi nazo nyumbani. Roho iliniuma, Shangazi. Nilimchukia yule mwanamke mpaka nywele zake.

Kumbe ulikuwa moto wa mabua. Wenzake Kendra wa mazoezi ya jimu wakaanza kuuacha ulaji huo mmoja mmoja. Siku moja nikamkuta Wade ndani ya gari nyuma ya duka, jibini la piza limemganda kidevuni. "Dada, nakuomba, usimwambie mke wangu." Sikumwambia. Nilimwambia Baba, naye akauliza kama kimebaki kipande.

Kiangazi kilipokwisha, Kendra mwenyewe alikuwa anakula tambi. Nilifurahi kupita kiasi. Nikanunua unga, nikajiambia mwaka huu nafasi yangu inarudi.

Basi wiki iliyopita nimeweka kikapu changu mezani, hata kitambaa sijakifunua, Kendra akatoka jikoni na mkate wa chachu aliyoilea mwenyewe. Mkubwa, ganda linalia kisu kikipita. Baba akamega, akatafuna, akafumba macho.

"Kakanda nani?"

"Mimi, Baba."

Nami nilionja, Shangazi. Ni mtamu. Hilo ndilo linalonitesa.

Sasa anataka kujua na jinsi ya kukanda skonzi za Bibi, na anwani yako amekwishaichukua kwa Wade. Waliowahi kusimama jikoni na Bibi ni wewe na mimi tu. Nakusihi, akikuandikia mwambie umesahau. Umri wako unaruhusu, hatashangaa.

Na kama umeshamjibu, usiniambie.

Baba anakusalimu sana. Nisalimie Mzee Dwight, mumeo, na binamu yangu Tess. Mungu akujalie kuni kavu na usingizi mzuri msimu huu wote.

Ni mimi mwanao, nikupendaye kuliko wote wanaokuandikia,

Darla