Sheria ya fasi reli inakata barabara

Butembo, siku ya ine, mangaribi

Bote balicheka, mais sikubakasirikia. Leo ku auto-école, masomo ya kuendesha gari, mwalimu alitufundisha sheria ya fasi reli inakata barabara: unapunguza mwendo, unasimama, unaangalia pande zote mbili, unasikiliza. Kama treni inakuya, hapana kupita, hata kama gari ya mbele imepita.

"Mwalimu, huku kwetu hapana reli," mama mumoja akasema. Njo bakacheka.

Nikasimama. Nikabaambia juu ya Kambale, bwana yangu. Alizaliwa Alimbongo, hakuwahi kuona reli. Alienda Kenya na camion kuchukua bidhaa. Gari ya mbele ilivuka reli, naye akaifuata. Treni ikamukuta katikati.

Mwalimu akasema, "Pole, mama. Pengine hapana mutu alimufundisha."

Nikaikala. Yenye ilibakia sikubaambia. Kambale alitaka kusoma sheria za barabara mbele ya kupata permis ya kuendesha. Njo mimi nilimuambia, "Tuinunue tu, papa, tusipoteze wakati."

Akanisikiliza. Alikuwa ananisikiliza siku zote.