Toa Mguu Kwanza

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai umeamka salama na goti lako limeacha kukunyima ngazi. Sisi wazima, ila cherehani uliyonirithisha inakohoa kuliko mzee.

Mjukuu wako Chiriku, yule asiyenyamaza hata mdomo ukiwa umejaa chakula, alikata mkono wa gauni la mteja amshonee mwanasesere wake nguo. Nilimfokea kwa maneno nitakayokutajia nikipata ujasiri. Tangu hapo akawa kimya. Nikiingia kazini, anajificha chini ya meza ya kukatia.

Basi kila nikikanyaga cherehani, mawazo yanakanyaga pamoja nami: wewe si baba, mtoto amekuchoka, umeshamharibu. Nikazidisha mwendo, nyuzi zikajisokota. Hapo nikakukumbuka. Uzi ukijifunga hukuuvuta hata siku moja. Ulikuwa unatoa mguu kwanza kwenye pedali, unashusha pumzi, ndipo unatafuta ulipoanzia. Nikatoa mguu, nikajaribu hivyo kwa mawazo yangu. Mengi yalikuwa woga mtupu, lakini moja lilikuwa kweli: nilikuwa na deni la kuomba radhi.

Nikaingia chini ya meza, mwili mzima huu, nikamwomba mwanangu msamaha. Hakutoka. Sikumlazimisha, nikahamishia huko kazi ya vifungo. Wateja walikuta miguu ya fundi imetokeza nje, wakauliza kama meza imenimeza. Aibu niliimeza mimi.

Jana nyuzi zilijisokota tena, nikaanza kunguruma. Sauti ndogo ikatoka chini ya meza, ikaniambia nitoe mguu kwanza. Mama, niliutoa mara moja! Kumbe muda wote ule alikuwa ananitazama.

Sasa nikuambie nilichomwambia siku ile. Nilimwambia heri nisingemzaa. Na aliyeambiwa hayo ndiye aliyenihurumia. Mpaka sasa nastaajabu moyo wa namna hii umeingiaje nyumbani kwangu.

Leo hanyamazi tena, masikio yananiuma na nashukuru. Nilimweleza kwamba nilijifunza kwako, uliyetulea peke yako na cherehani hiyohiyo. Akafikiri kidogo, akaniagiza nikuulize: wewe, Bibi, nani alikuwa anakukumbusha utoe mguu? Ndipo nikachukua karatasi hii, Mama. Nimelia.

Wasalimie majirani wote. Chiriku anakushika miguu, nami pia.

Mwanao,
Fundi wako