Aliyeitoa Kinga ya Msumeno

Dada mpendwa,

Pokea salamu zetu, wewe na wanao. Sisi huku hatujambo. Mtoto ameanza kuota meno na paa limeacha kuvuja. Univumilie mwandiko, naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikatwa vidole na msumeno pale karakana.

Tajiri anadai nilizembea, kwa hiyo hanilipi kitu. Nilimwendea wakili, akaniuliza, "Kinga ya msumeno aliitoa nani?" Nikaaga nikaondoka, dada, maana aliyeitoa ni mumeo, msimamizi wetu, kwa amri ya tajiri ili kazi iende haraka. Nikajiambia afadhali niache kesi kuliko kumponza shemeji.

Jana shemeji alikuja mwenyewe, amesikia habari za wakili. Alikaa muda mrefu bila kuutazama mkono wangu.

"Muweke huyo wakili," akasema. "Nitakuwa shahidi wako. Nitasema niliitoa mimi, na aliyeniamuru nitamtaja."

"Watakufukuza, shemeji."

"Najua. Ila mwandikie dada yako. Mimi nimeshindwa kumwambia."

Basi wakili nimemuweka. Shemeji akirudi huko nyumbani bila kazi, tafadhali mpokee vizuri.

Ni mimi mdogo wako.