Kanga Amekuwa Mashine ya Kusaga

Jumamosi, Februari. Mawingu tangu asubuhi, mvua hakuna. Nina hasira na sijui nimkasirikie nani.

Leo wametoa injini ya gari letu.

Nianze mwanzo, maana mwalimu anasema mtu mwenye hasira huandika mkia kabla ya kichwa. Landrova ya baba tuliiita Kanga, kwa ajili ya madoa ya rangi aliyoipaka kuziba kutu. Kanga alibeba mahindi, wagonjwa wa kwenda Manyoni, hata bibi harusi mmoja pamoja na mbuzi wake. Mimi nilikaa mbele, katikati, gia ikiwa kati ya magoti yangu.

Wiki iliyopita baba alikwepa ng'ombe waliokuwa wakivuka barabara, akateleza kwenye matope, akagonga kichuguu. Bampa ilipinda, rejeta ikatoboka. Basi. Ajali ndogo, hata wachungaji walicheka, na baba naye akacheka.

Alichohitaji ni maksai wa kijiji wamkokote Kanga mpaka Singida mjini, kwa fundi wa kuziba rejeta. Akaenda kuwaomba kwenye mkutano wa kijiji.

Lakini baba haanzi na ombi. Wazee wa kwetu hushukuru kwanza, husifu, huzunguka, ndipo wafike kwenye shida yao. Akasimama, akasema, "Ndugu zangu, gari hili limekitumikia kijiji, na nguvu zake ni za kijiji."

Kabla hajaendelea, kina mama wakapiga vigelegele. Mashine ya kusaga ya kijiji iliharibika injini zamani, nao wamechoka kutwanga. Mwenyekiti akamshika baba mkono: "Huu ndio ujamaa wenyewe, ndugu yangu!"

Baba akaketi.

Kigelegele kikishatoka hakirudishwi mdomoni.

Nyumbani mama alimngoja mlangoni. "Baba Elia, ulikwenda kuomba maksai, umerudi umegawa gari?"

"Nilikuwa sijafika kwenye lakini."

"Ilikuwa wapi hiyo lakini?"

"Ilikuwa njiani."

"Basi nenda kaipokee!"

Tangu siku hiyo wanaongea kupitia kwangu. Mwambie baba yako chakula tayari. Mwambie mama yako nimeshiba.

Shuleni tumefundishwa kwamba mali ikiwa ya wote hakuna anayebaki nyuma. Ninaamini hivyo. Niliandika insha juu ya jambo hilo na mwalimu akaisoma mbele ya darasa. Ila sikuiandika nikiwa nimesimama mbele ya gari langu mwenyewe, boneti wazi, ndani hamna kitu.

Nataka kina mama wapate unga. Namtaka na Kanga. Naona aibu kutaka vyote viwili.

Jioni fundi wa kijiji aliifunga injini kwenye mashine, akahangaika kuiwasha mpaka shati likalowa. Ilikohoa, ikazima. Mama Halima, jirani yetu, alipita akirudi na debe lake la mahindi kichwani, yakiwa mahindi vilevile. "Kanga wenu kagoma kutaga, mwanangu. Au mmemroga?"

Nikacheka kwa adabu. Moyoni nilikuwa naungua.

Si uchawi. Kabureta ya Kanga hukwama. Inagongwa taratibu kwa chini, kwa mpini wa kijiko, ndipo injini ikubali. Baba anajua. Mimi najua, maana kila asubuhi kugonga ilikuwa kazi yangu. Fundi alikuja kumwuliza baba, naye akajibu kwamba amechoka, akaingia ndani. Sijapata kumwona baba akimnyima mtu jibu.

Tukinyamaza, watasema injini haifai na wataturudishia. Kanga atapona. Hivi ninavyoandika nasikia mchi wa Mama Halima, na kila pigo linaniuliza swali.

Hapana, siwezi kunyamaza. Lakini sitazunguka kama baba.

Kesho nitakwenda kwa mwenyekiti na kijiko mkononi. Nitasema shikamoo, na papo hapo nitaomba: siku kijiji kitakapopata injini yake, hii irudi kwetu, na maksai watukokotee Kanga mpaka mjini.

Nitagonga kabureta baada ya kusikia jibu lake.