Simu ya Oda Inafungwa

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Bosi Magesa ametangaza leo, amepanda juu ya mifuko ya saruji ili tumwone. Wenye maduka ya machimboni hawatapiga tena simu kuagiza mali. Wataandika wenyewe kwenye programu. Mwisho wa mwezi simu ya oda inafungwa. Simu ya oda ndiyo mimi. Nitahamia stoo yetu ya Kagongwa kupokea saruji.

Nikauliza, na mwanangu Abel? Yuko darasa la saba, mtihani mwezi ujao. Bosi akasema Kagongwa kuna shule. Kweli, ipo.

Kwanza lakini watu waweze kupata wanachotafuta humo. Sasa hivi hawapati. Ameitwa fundi wa programu kutoka Mwanza, Edward, airekebishe. Wa kumsaidia — mimi!

Jumanne, 5 Agosti 2025

Edward mpole. Anakunywa chai bila sukari, sijui kakosa nini. Amenionyesha waliyoandika wateja kwenye kisanduku cha kutafutia. Alitegemea kuona "sururu", "pampu". Ameona: "Shikamoo Mama Abel, za tangu juzi, naomba sururu kama zile za mwanzo, si zile zilizopinda." Programu ikajibu: Hakuna kilichopatikana. Mwingine: "Mama Abel upo?" Hakuna kilichopatikana. Na siku hiyo nilikuwepo.

Akauliza kwa nini wanasalimia kisanduku. Nikamwambia, wewe unaingia dukani kwa mtu unaanza tu kutaja pampu? Akafikiri. Akasema Mwanza wanafanya hivyo. Poleni.

Alhamisi, 7 Agosti 2025

Mzee Boaz kapiga simu, kanuna. Ana duka machimboni, mteja wetu tangu Abel yuko mgongoni. Anasema alifungua programu asubuhi, akangoja. Mpaka mchana haijamwamkia! Imezaliwa lini hiyo, na yeye ana wajukuu? Hawezi kuanza yeye kumsalimia mtoto. Nikampa shikamoo mimi. Marahaba, halafu habari za Abel, halafu za mtihani, halafu tochi za kichwani. Ndiyo mpangilio wake.

Nimemweleza Edward. Hakucheka. Kaweka kwamba ukifungua tu, inakuamkia kwa jina. Na ukiandika salamu inairuka, inatafuta neno lililobaki. Kazi yake anaijua, lazima niseme.

Ijumaa, 8 Agosti 2025

Nane Nane. Sikukuu. Machimboni hawakuambiwa. Simu imeita kutwa, nimeipokea kutwa. Raha.

Jumatatu, 11 Agosti 2025

Leo makundi. Sururu ilikuwa kwenye "Bustani". Bustani! Edward kapanga upya kwa kazi: kuchimba, kupandisha mawe, kusaga, kuosha. Unabonyeza kazi yako, mengine yanajificha. Wateja wameelewa bila kufundishwa.

Mimi nikachangia: waweke na "bei ya chini kwanza". Hakuna aliyeigusa. Nikampigia Suzana, mwenye duka karibu na makarasha, zile mashine za kusagia mawe. Kasema wachimbaji husimama nyuma yake wakichungulia simu. Ambaye duara lake, yaani shimo lake, limetema dhahabu, akiona anatafutiwa cha bei ya chini, anaona kadharauliwa, anaondoka. Ambaye duara lake bado, hataki wenzake wajue. Nikibonyeza hapo, kasema, nimemtangaza mtu. Edward kaitoa. Nikajifanya haikuwa yangu.

Jumatano, 13 Agosti 2025

Edward anasema "Hakuna kilichopatikana" ni kama polisi wamepekua nyumba. Dukani tunasemaje? Nikamwambia: tunasema hatuna, tunataja kitu, mtu aende kwingine bila kinyongo. "Hatuna misumari. Karibu tena." Kaipenda. Kaiweka vilevile, kwa neno lolote litakaloandikwa. Nimejisikia vizuri. Mpumbavu mimi.

Ijumaa, 15 Agosti 2025

Inafanya kazi. Oda zinaingia zenyewe. Simu imeita mara mbili, moja wamekosea namba. Bosi kanipa karatasi ya uhamisho, nisaini Jumatatu. Abel kasema yeye atabaki kwa bibi yake mpaka amalize mtihani. Kalisema haraka mno, kama mtu aliyekwisha kulipanga. Nimelia jikoni. Nikasingizia vitunguu. Vitunguu vyenyewe hatukuwa navyo.

Jumatatu, 18 Agosti 2025

Naandikia chini ya kaunta. Mzee Boaz kaingia asubuhi, kofia mkononi. "Mwangaluka," akaamkia Kisukuma, kwa sauti ya chini. Nyuma yake Suzana na kina mama wengine, kanga kiunoni, mmoja na kiroba cha mchele kichwani. Suzana akanikumbatia, akaanza kulia. Nami nikalia. Nilidhani wamesikia habari za Kagongwa.

Mzee Boaz akasema, pole mwanangu, kazi ya Mungu. Nikasema, nitazoea tu. Wakatazamana.

Nikauliza nani kawaambia. Akatoa simu yake. Programu imemwamkia vizuri: Shikamoo Mzee Boaz. Naye, mtu wa adabu, kaandika: Marahaba, Abel hajambo? Salamu ikarukwa, kama tulivyopanga. Likabaki jina.

"Hatuna Abel. Karibu tena."

Nimewaambia yuko shule! Mzima! Kala viazi asubuhi! Suzana anawanong'oneza wenzake kwamba mfiwa huwa hivi, msimbishie. Mzee Boaz kajikalia kwenye mfuko wa saruji, haondoki mpaka amwone mtoto kwa macho yake. Na wengine wanazidi kuja, bodaboda zimejaa getini. Wote wamefunga maduka. Tangu asubuhi programu haijaingiza oda hata moja. Edward kashika kichwa.

Bosi Magesa katoka ofisini na ile karatasi, sijasaini. Kaona watu, kaona kiroba. Kauliza taratibu nani kafiwa, na nani kawaruhusu hawa wote kuingia stoo.

Mzee Boaz kainuka. Kampa mkono kwa heshima zote.

"Sisi hapa tunamjua huyu, Mama Abel. Miaka yote ndiye tunanunua kwake. Wewe mwenzetu ni nani?"

Bosi kanigeukia, anangoja nimtambulishe —