Jasusi wa Pili Sikumwona

Rafiki yangu Yohana,

Nilikuficha jambo ukiwa hai, na tangu tukuzike nimeendelea kulificha. Yule jasusi wa pili wa sinema sikumwona. Siku ile niliporudi kutoka semina ya Dar es Salaam nikakusimulia picha nzima, ukweli ni kwamba nilibaki nje ya sinema. Tiketi zilikuwa zimekwisha. Nilitazama bango ukutani, basi.

Wa kwanza tulimwona pamoja tukiwa chuoni. Ulitoka pale umebadilika mwendo. "Umeona anavyotembea? Kama mchungaji anayejua ng'ombe wake wanamfuata. Hageuki nyuma." Kisha tukapangiwa shule moja huku karibu na Ilongero, mimi mwalimu mkuu, wewe darasa la nne, katika kijiji kipya cha ujamaa. Jioni, watu wakitoka shamba la kijiji, tuliwasimulia habari za jasusi yule mpaka wazee wakamzoea kama jirani.

Kwa hiyo niliposema nimeona mwigizaji mwingine akitumia jina lilelile la jasusi, ulikasirika kweli. "Kwetu mjukuu hupewa jina la babu baada ya kumzika. Huyu wa kwanza amekufa?"

Nikasema yu hai.

"Basi huyo wako ni mwizi. Na wale wanawake wa yule wa kwanza nao amewarithi?" Watu wakacheka mpaka wakakaa chini. Halafu ukaniuliza, "Anatembeaje?"

Bango halitembei, Yohana. Nikasema anatembea kama mtu anayekwepa tope. Ulipiga makofi. "Nilijua! Nyie watu wa Kiomboi mnapenda vya ovyo!" Nami kwa ubishi nikamtetea. Ukauliza anavyoshika bastola, anavyokunywa, kama huwa anaogopa, na kila swali nikalitungia jibu. Nilikuwa nimejifungia ndani ya picha nisiyoijua, na kila mlango nilioufungua uliniingiza chumba kingine.

Macho yako yalipoanza kuona ukungu pembeni, daktari wa Kiomboi alikuambia usichelewe, uende Moshi kwa wataalamu. Ilikuwa wakati wa palizi. Hakuna aliyetoka kijijini bila ruhusa ya mwenyekiti, na mwalimu aliombewa na mwalimu mkuu wake. Ulikuja ofisini kwangu unacheka. "Mkuu, niombee. Halafu nasikia huyo mwizi wako anaonyeshwa Arusha. Nikipita nitakaa kiti cha mbele, nimtazame miguu."

Kesho yake nikakuambia mwenyekiti amekataa, tungoje mavuno. Hukubisha. Ulisema "Haya," ukarudi darasani.

Mavuno yalipofika ulikuwa unapapasa ukuta kuutafuta mlango. Huko Moshi wakasema umechelewa.

Miaka iliyofuata nilikusomea magazeti, nikakushika mkono kwenda kanisani, na watu wakanisifu. Alipotokea jasusi wa tatu, nilikwenda mjini nikamwona kwenye video, nikakueleza bila kuongeza neno. Ulisikiliza, ukasema, "Huyu anatabasamu mno. Angekuwa mchungaji, fisi wangemzoea." Hiyo ndiyo mara pekee niliyocheka nawe bila kuogopa.

Tangu uondoke mambo ni mengi. Shule yetu ina umeme. Alizeti imefika hadi pale palipokuwa na shamba la kijiji. Mimi nipo Mwankoko, miguu imekataa, nageuzwa kitandani. Anayenigeuza ni Neema, binti yako. Kila asubuhi ananiletea uji wa uwele, ananiita baba. Juzi nilimwomba anitafutie jasusi wa pili kwenye simu yake. Akanishikia karibu na uso nikamtazama hadi mwisho. Hakwepi tope, Yohana. Anatembea vizuri, kama mtu aliyepewa ng'ombe wa mwenzake na anajua si wake. Ungempenda. Ungetukana kwanza, halafu ungempenda.

Neema aliniona nalia, akadhani nakukumbuka. Akasema anachosema siku zote: "Yule mwenyekiti Mungu anamwona." Mwenyekiti alipokufa, hakwenda kumzika. Alisema hawezi kumtupia udongo mtu aliyemfungia baba yake njia. Hadi leo watoto wa mwenyekiti wakimwamkia sokoni anapita kama hakusikia, na mimi nimekaa kimya, maana nikisema, nani atanigeuza?

Sasa pumzi inakatika nikiandika. Lala salama, ndugu yangu. Siombi unipokee; nikifika nitasimama mbali mpaka uniite. Ila kesho Neema akija, kabla sijagusa uji wake, nitamwambia, hata kama ataondoka na asirudi tena.

Nilitaka tu ile picha iondoke Arusha kwanza. Mwenyekiti hakukukatalia, Yohana. Sikumwomba.