Kiti Kisichoitikia

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi. U hali gani? Mgongo bado unauma kwa kusimama kutwa? Sisi ni wazima. Mafua yamemwacha Mama, na Baba bado anamwambia kila fundi mwenzake pale karakana kwamba mwanawe atakuwa mhasibu. Mimi ninayejua kwamba uliacha chuo tangu muhula wa pili na sasa ni kinyozi, huinamia sahani yangu. Barua yako nimeificha ndani ya kamusi, kitabu ambacho humu nyumbani hakifunguliwi na mtu mwingine.

Habari kubwa ni kwamba nimekuwa mgonjwa wa kujifunzia. Mwalimu wa darasa aliona sisemi, akanipeleka chumba cha ushauri. Pale kuna mwanachuo anayefanya mazoezi ya kazi. Anatakiwa ajaribu mbinu tatu za ushauri kwa kijana mmoja mwenye matatizo, azilinganishe, aandike ripoti. Wenzangu walicheka sana. Walisema maskini, kapewa Bi Kimya, ripoti yake itakuwa kurasa tupu. Nikamhurumia. Nilisoma maktaba sura nzima kuhusu vijana wenye matatizo, nikakuta sina hata moja la maana. Kumwambia kwamba naona haya kuomba ruhusa ya kwenda chooni kungemfelisha. Basi, Kaka, nikaazima lako. Sikukutaja, nilisema tu kwamba kuna jambo la masomo ambalo wazazi wamefichwa.

Mbinu ya kwanza ni ya kusikiliza. Mshauri hakupi la kufanya, hurudia ulilosema ili ujue umesikika. Nikisema naogopa, anasema kumbe unaogopa. Nami kwa adabu nikasema ndiyo, kumbe naogopa. Akasema kumbe umeona kwamba unaogopa. Tulikwenda hivyo mpaka kengele ikalia, kila mmoja akimngoja mwenzake asonge mbele.

Mbinu ya pili ni ya kiti. Aliweka kiti kitupu mbele yangu, akaniambia nimwone Baba ameketi pale, nimwambie ya moyoni. Nikasimama, nikakiamkia shikamoo. Nikangoja. Naye akangoja. Mwishowe akauliza mbona sisemi. Nikamweleza kwamba Baba hajaitikia, na mtu mzima hasemeshwi kabla hajaitikia. Akakuna kichwa, akaandika daftarini kwamba watu hawakulelewa namna moja, na mbinu ndiyo imfuate mteja. Halafu akauliza kwa upole kama anaweza kuitikia yeye kwa niaba. Nikamwambia haifai, yeye bado kijana mno.

Mbinu ya tatu ni ya kuita familia. Hapo nilitaka kukimbia, lakini barua ya wito ilikwisha kwenda. Jumatano wakaja, Baba na grisi yake mikononi, Mama amevaa kama anakwenda harusini. Mwanachuo akawaambia kwamba mtoto ana neno. Mama akaanza kulia kabla sijafungua kinywa, akisema alijua tu, vile vitabu vingi vitakuja kumharibu mtoto. Nikamwamkia Baba.

Kaka, huyu aliitikia. Alisema marahaba mwanangu, sema.

Nisamehe. Nilikusema. Nilisema yote: chuo, muhula wa pili, unyozi, hata mtaa ulipo. Tangu nizaliwe sijatoa maneno mengi hivyo kwa mkupuo mmoja. Mwanachuo alisahau kuandika. Mama aliacha kulia, akauliza kama unakula. Baba aliuliza jambo moja tu, kama una wateja. Nikajibu kwamba kwa mujibu wa barua yako wanapanga foleni. Akavaa kofia, akarudi karakana.

Tangu hapo Baba hajamsifu mhasibu yeyote. Nami sijaweza kusoma hata ukurasa, nikijua nimekuvunjia siri na pengine nimekuvunjia na nyumba. Nikuonye tu kwamba ameuliza saa ya basi la Jumamosi.

Wasalimie wote hapo dukani kwako. Mama anakusalimu sana. Baba hajatuma salamu, ila jana jioni Mama alipochukua mkasi kumpunguza nywele, kama afanyavyo kila mwisho wa mwezi, alimshika mkono akamwambia aache, nywele hizo zina mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako,
akupendaye na akuombaye radhi.